Amana Iliyobaki Ndani ya Mashini

Walipokuja kumwambia Mwantum kwamba mashini ya dukani nayo imekufa, aliuliza kama chumvi imenunuliwa.

Wifi yake Raihana, dada mkubwa wa marehemu mumewe, alisimama katikati ya chumba, kanga imemgandia mgongoni kwa jasho la njiani, akangoja neno lingine. Mwantum alikuwa amekaa mkekani, kaegemea ukuta, na nguo yake nyeupe isiyo na ua hata moja, kama alivyokaa jana na juzi na siku zote tangu jeneza la Shaabani litoke mlango ule ule mabegani mwa watu.

Hakuwa amelia. Wanawake wa mtaa wa Cibitoke walikuwa wamelisema hilo, mwanzo kwa sifa, kwamba mwanamke yule kajaliwa subira, baadaye kwa sauti ya chini. Yeye hakulificha wala hakulihangaikia. Akiambiwa kula alikula. Akiambiwa kumekucha aliamka. Mwili wake ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, ni wako, lakini hata ukiufinya haukujibu.

Alikuwa ndani ya eda, na mjane aliye edani hatoki nje ila kwa dharura, wala hakai uso kwa uso na wanaume wanaoweza kumuoa. Kwa hiyo duka la mumewe, lililokuwa kule barabarani, alikuwa hajaliona tangu msiba. Lilikuwa duka la kupiga chapa, kutoa kopi na picha za pasipoti. Mali yake kubwa ilikuwa kompyuta moja nzee ambayo Shaabani aliifungia Linux, mfumo wa kuiendesha usio na tajiri mmoja anayeumiliki. Watu wa dunia nzima wanaushona pamoja, na anayeutaka anauchukua bure na kuukata kwa kipimo chake. Majirani walimcheka. Lakini fleshi za wateja zilikuwa zikiingia na virusi vya kila mtaa, mashini za majirani zinaugua, ya Shaabani inapiga kazi tu. Mwisho wakaacha kucheka, ila kumwiga hawakumwiga.

Tangu msiba duka lilishikwa na Hamimu, mdogo wa marehemu. Huyo kwa asili ni fundi wa pikipiki, na kompyuta aliijua kwa kuitazama ikitumiwa na kaka yake.

Raihana alipoona jibu haliji, akaendelea mwenyewe. Akasema mashini inawaka, inatoa uso mweusi na maandishi meupe, halafu inaganda. Akasema Hamimu ameshaongea na kijana mmoja wa mjini, Maxime, anayesifiwa kwa wepesi. Maxime atafuta kila kitu kilichomo, aweke mfumo ule wa kila mtu, na kesho yake duka linafunguliwa. Chumvi, akasema, imenunuliwa, iko jikoni.

Kisha, kama mtu anayetoa takataka mfukoni, akaongeza kwamba pale dukani kuna msichana wa kutoka Kinanira, anaitwa Joëlla, amekaa kizingitini analia. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Kitabu chake cha kumalizia masomo, kile wanachokiita memwari, Shaabani ndiye aliyekuwa akikipiga chapa. Fleshi iliyokuwa na nakala yake imeharibika, na wiki hii anatakiwa kukipeleka kwa waalimu, asipokipeleka anangoja mwaka mwingine.

Mwantum aligeuza kichwa.

"Hiyo ni amana," alisema.

Raihana alikaa chini. Lilikuwa neno la kwanza kwa muda mrefu ambalo Mwantum alilitoa bila kuulizwa. Na wote wawili walijua uzito wake. Siku ya maziko, kabla ya sala, Hamimu alisimama mbele ya watu akatangaza kama ada ilivyo: mwenye kumdai marehemu, au mwenye amana yake kwa marehemu, ajitokeze, sisi ndugu zake tupo. Hakujitokeza mtu. Waliokuja kuswali walitazamana, wakasema Shaabani ameondoka mwepesi. Nani angemkumbuka msichana wa Kikristo huko Kinanira, ambaye kazi yake imelala ndani ya kompyuta?

"Mwambie Hamimu asiipeleke kwa mutu," Mwantum akasema. "Ailete hapa."

Hamimu aliileta juu ya pikipiki, imefungwa blanketi kama mgonjwa anayekimbizwa hospitali. Raihana akaibeba ndani, akaiweka juu ya meza ya kulia, akaunganisha nyaya kwa kubahatisha. Hamimu alibaki nje ya pazia la mlango, juu ya kigoda, na mazungumzo yote yakapita katikati ya kitambaa.

Mwantum aliiwasha. Ikaja vile vile, weusi, maandishi, kimya. Akauliza kilichotokea. Sauti ya Hamimu ikasema hakikutokea kitu.

"Mi sikugusa kitu, shemeji. Nilifika, ikakataa."

"Na pikipiki zinakufa bila kuguswa?" Raihana akamuuliza. "Au hizo unazijua, hii ndiyo ya majini?"

Ilibidi wamvute kidogo kidogo, kama mwiba. Kumbe tangu kaka yake afariki kulikuwa na kijisanduku kinachojitokeza pembeni mwa kioo kila siku, kikiomba ruhusa ya kuleta marekebisho mapya. Shaabani alikuwa na tabia ya kuyapokea marekebisho hayo mara moja kwa wiki, duka likishafungwa, hana mteja wa kumharakisha. Hamimu alikuwa akikifukuza kile kijisanduku kama nzi. Ijumaa asubuhi akachoka, akakikubalia. Maandishi yakaanza kutiririka, mengi, hayaishi. Akawaacha wateja wakasubiri, naye akasubiri. Halafu adhana ya Ijumaa ikalia, naye akainuka, akaenda kwenye swichi kubwa ya ukutani, akakata umeme wa duka zima, akafunga mlango, akaenda kuswali.

"Katikati ya maandishi?" Mwantum aliuliza.

Hamimu alilisogelea pazia.

"Kaka alikuwa anafanya hivyo, shemeji. Adhana ikilia anakata moto. Kila Ijumaa nilikuwa nakuja kumuchukua, nilimuona na macho yangu."

Mwantum alitazama kioo. Alikumbuka vizuri jinsi mumewe alivyokuwa akifanya, maana miaka alipokuwa akimsaidia dukani alikuwa akimsubiri amalize. Shaabani alikuwa akisikiliza saa. Kabla ya adhana alihifadhi kazi zote, akaiamuru mashini ijizime yenyewe, akakaa akiitazama mpaka taa yake ndogo ife, akatawadha nyuma ya duka. Alikuwa akisema mashini ni kama mwenye kula: usimnyang'anye sahani, mwache anawe mkono. Swichi ya ukutani ilikuwa jambo la mwisho kabisa. Hapo ndipo Hamimu alipokuwa akitokea.

"Ulimwona akimaliza," alisema.

Hakulisema kwa ukali. Hakuwa na ukali wowote. Lakini nje ya pazia kigoda kililia. Hamimu akaambiwa apige simu.

Aliyepigiwa ni Bonfils wa Musaga, ambaye zamani ndiye aliyempa Shaabani mfumo ule ndani ya fleshi na kumfundisha kuutunza. Bonfils alikuja msibani, akalia kuliko ndugu. Sasa aliposikia habari akataka kuja, lakini mafuta yalikuwa yameadimika mjini, mabasi ya Musaga yamelala kwenye foleni za vituo, na kuvuka mji mzima kwa miguu si leo. Basi akasema simu iwekwe mezani karibu na shemeji, kwa sauti ya juu, na mtu yeyote asimwite huyo Maxime.

"Isifutwe," alisema. "Mutu akikuambia afute ili atengeneze, ujue hajui kutengeneza."

Akaeleza kwa Kiswahili chake cha haraka. Mfumo huu una kiini kinachobeba vingine vyote, na marekebisho yanapoleta kiini kipya, kile cha zamani hakitupwi. Kinawekwa nyuma, kizima, kinangoja. Ndiyo maana haifai kukifagia upesi, hata kama kinakula nafasi, mpaka kile kipya kimesimama siku kadhaa bila kuyumba. Kiini kipya cha Shaabani kilikatwa umeme kikiwa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mashini inajaribu kukisimamia, inaanguka. Dawa ni kuiambia isimame juu ya kile cha zamani.

Mwantum akaizima na kuiwasha akibonyeza kitufe cha Esc kama alivyoambiwa. Akachelewa. Weusi, maandishi, kimya. Akarudia, safari hii akigonga mfululizo tangu mwanzo, na Raihana akigonga meza pamoja naye bila kujijua. Pakatokea orodha fupi. Akashuka mstari wa pili, ule wa machaguo zaidi, akaingia. Ndani zikaonekana namba ndefu, zinafanana, moja chini ya nyingine. Bonfils akasema achague iliyo ndogo kuliko ya juu.

Mashini ikafikiri. Kisha ikauliza jina.

"Imeamuka?" Hamimu akauliza kutoka nje.

"Nyamaza, isije ikakusikia," Raihana akasema.

Haukuwa uso wa kawaida wenye picha, ni weusi tu na mstari unaopepesa. Mwantum akaandika jina la mumewe, ikakubali, ikataka neno la siri. Neno hilo alilijua, Shaabani hakuwa na cha kumficha. Akaanza kuliandika. Hakikutokea kitu kiooni. Hakuna herufi, hakuna nyota, hata nukta. Akabonyeza tena, akatazama vidole vyake.

"Haiandiki," alisema.

"Andika tu, shemeji," Bonfils akajibu. "Haionyeshi, lakini inasikia."

Raihana alimtazama wifi yake usoni, akidhani labda sasa atalia. Mwantum aliandika mpaka mwisho, akabonyeza, ikafunguka. Uso wake ulikuwa vile vile.

Bonfils alikataa katakata kuendelea. Akauliza umeme wa Cibitoke unaaminika namna gani, wakamwambia kama ahadi ya mlevi. Akasema basi kile kisanduku cha betri kilichokuwa chini ya meza ya dukani kiletwe kwanza, maana kosa lililofanywa Ijumaa likifanywa mara ya pili, hata kile kiini cha zamani huenda kisisaidie. Hamimu akaenda mbio. Walipokuwa wakimngoja, Bonfils hakukata simu. Walisikilizana wakipumua, Musaga na Cibitoke, mpaka pikipiki ikarudi.

Kisanduku kilipokwisha kuunganishwa, akamtajia amri ya kuiambia mashini imalizie kazi iliyokatwa. Akamtajia herufi moja moja, na kila herufi akaipa jina la mtu ili isipotee: s ya Simoni, u ya Urbano, d ya Damiano, o ya Odeta, kisha nafasi, halafu tena d ya Damiano, p ya Petero. Raihana akamwambia Mwantum kwa sauti ya chini kwamba kwa mwendo huo wataitaja parokia nzima. Mwishowe kiooni pakasomeka *sudo dpkg --configure -a*, Mwantum akahakikisha nafasi zote zipo mahali pake, akabonyeza.

Maandishi yakakimbia. Halafu yakasimama na kusema nafasi imekwisha.

Bonfils akashangaa. Akasema Shaabani alikuwa mtu wa kuacha sehemu wazi siku zote, kwa sababu mfumo huu ukijazwa mpaka shingoni hauwezi hata kujitengeneza, kama mtu aliyebanwa ndani ya chumba kilichojaa magunia, hata mkono hainui. Akauliza nani amejaza. Wanawake wawili wakatazama pazia.

"Ni video za mechi tu," Hamimu akasema. "Wateja wakiwa hawapo."

"Mechi ngapi?" Raihana akauliza.

"Za ligi."

"Ligi ya nani?"

"Zote."

Akazitaja zilipo, moja baada ya nyingine, na Mwantum akazifuta kwa amri alizopewa, na kila alipofuta aliisoma kwanza amri yote kwa sauti, Bonfils akaikubali, ndipo akabonyeza. Hilo Bonfils alilishikilia: uwezo mkubwa wa mfumo huu ndio hatari yake, ukiuambia futa haukuulizi mara mbili. Kisha akamfundisha kuondoa pia vile vifurushi vya zamani vya marekebisho vilivyobaki stoo, *sudo apt clean*, na kuirudia ile amri ya kwanza.

Yakakimbia tena. Katikati taa ya chumba ikazima, feni ya jirani ikanyamaza, na kisanduku cha betri kikaanza kulia mlio mkali wa kukatisha. Raihana akashika ukingo wa meza kama vile meza ndiyo ingekwenda. Nje Hamimu alisikika akisoma dua, upesi, akirukaruka maneno. Mwantum alikuwa akitazama maandishi. Alijua kwamba ikizima sasa kazi ya yule msichana huenda ikapotea, na amana ya mumewe itabaki shingoni mwake huko aliko. Alilijua hilo kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika. Moyo haukuenda mbio. Alijiuliza kama kuna siku utakwenda mbio tena, na swali lenyewe likapita.

Umeme ukarudi. Maandishi yakafika mwisho, mstari ukabaki peke yake unapepesa. Akaiamuru ijizime yenyewe, akangoja taa yake ndogo ife, akaiwasha upya bila kubonyeza kitu. Ikasimama juu ya kiini kipya, na uso wa picha ukafunguka, ule wa rangi ya majani ambao Shaabani aliuchagua.

Hamimu alimshukuru Mungu kwa sauti. Bonfils akasema kwa upole kwamba sasa, kabla ya jambo lolote, kabla hata ya chai, vitu vya watu vitolewe nakala na kuwekwa mahali pengine, kwa sababu mashini iliyopona leo si mashini isiyokufa. Kisha salio la Hamimu likaisha, sauti ikakatika.

Joëlla alikuja kesho yake mchana. Alikuwa mwanamke, kwa hiyo aliingia ndani, akavua viatu mlangoni, akampa Mwantum pole kwa mikono miwili. Aliketi ukingoni mwa kiti. Akaeleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba aliandika juu ya watu waliohamishwa na ziwa lilipopanda, na kwamba papa Shaabani hakuwahi kumharakisha, hata alipobadilisha sura nzima ya pili.

Mwantum alikuwa ameshalikuta faili. Lilikuwa ndani ya folda ya wateja, chini ya jina lake, na nukta zake mbili za juu ya e zimewekwa vizuri. Akaingiza fleshi mpya ya msichana, akanakili, akaiambia mashini iiachie fleshi, akangoja ikubali ndipo akaichomoa. Akamrudishia mkononi.

"Tazama kwanza," alisema. "Kabla hujaondoka."

Wakalifungua. Joëlla alipitisha kurasa haraka, akitikisa kichwa kwa furaha, jedwali hili lipo, ramani ile ipo. Kadiri alivyoshuka chini mwendo ukapungua. Karibu na mwisho akasimama.

Sentensi ilikuwa imekatika. Ilifika kwenye mkato, halafu hakuna. Chini yake karatasi nyeupe.

Shaabani alikuwa amefika hapo. Mwantum aliikumbuka siku yenyewe: alirudi mapema, akasema kichwa kinamuuma, akasema ameacha kazi ya mtu katikati na ataimaliza kesho.

Joëlla akasema kwamba haidhuru, mama, zimebaki kurasa chache tu, anazo zilizoandikwa kwa mkono ndani ya mkoba, ataenda kuzipigisha karibu na chuo. Yaliyopatikana ni mengi, Mungu ambariki. Akaanza kuinuka.

"Alipokea chote," Mwantum akasema. "Nikikupa kilichokatika, sijarudisha."

Akanyoosha mkono. Msichana akasita, akatoa karatasi, akampa.

Zilikuwa za Kifaransa. Kifaransa cha Mwantum kiliishia shule ya msingi, na hakukaa madarasa yote. Akazitazama, akamrudishia, akamwambia asome polepole, na neno gumu alitaje herufi kwa herufi. Akavuta kiti. Raihana, aliyekuwa mlangoni na birika, hakuingia.

Mwantum alisogeza mshale mpaka kwenye ule mkato, akabonyeza. Mstari mdogo ukasimama nyuma yake, ukapepesa. Vidole vyake vilikuwa baridi. Alingoja kidogo, kama mtu anayempisha mwingine apite, na hakupita mtu.

"Soma," alisema.

Joëlla akasoma neno. Mwantum akalitafuta, akaligonga kwa vidole viwili. Likasomwa jingine. Alikosea, akafuta, akaandika tena. Hakujua maneno yale yanasema nini juu ya ziwa, wala nyumba za nani zilichukuliwa, lakini yalikuwa yakishikana na yale ya mbele, na mtu akiyatazama asingejua tena ni wapi mkono ulibadilika. Aya ilipoisha alihifadhi. Akabana macho, akasogeza kiti karibu zaidi na kioo.

"Halafu?" aliuliza.